Kubadilisha filta, hozi na klipu za hewa kwenye lori la dizeli

Fuso liliingia gereji kwetu Makambako wakati wa magharibi, mbolea ikiwa bado mgongoni. Dereva alishuka na maneno matatu tu: "Fundi, tabo imekufa." Alikuwa ameupanda mlima Kitonga kwa gia ya kwanza, moshi mweusi umefunika magari ya nyuma, na tajiri wake alikwishatuma mtu Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta tabo ya mtumba, yaani turbo, ile pampu inayosukuma hewa kwenye injini. Tukainua kabini. Hozi inayotoka kwenye intakula, kipoza hewa, kwenda kwenye manifoldi ilikuwa imepasuka upande wa chini, palepale klipu inapokaa, mpasuko wa urefu wa kidole. Hozi moja na klipu mbili, gari likaondoka. Tabo ilifika kesho yake kwa basi, ikakaa chini ya meza yangu mpaka mwenyewe alipopata wa kumuuzia.

Haya nayaandika kwa dereva, utingo na tajiri anayesimama mwenyewe gari lake likitengenezwa. Mfano wangu ni Fuso Fighter yenye injini ya 6D16 ya tabo, maana ndiyo ninayoishika mara nyingi. Kwenye Isuzu, Scania au Howo njia ya hewa ni ileile. Kinachobadilika ni vipimo na mahali boliti zilikojificha. Kama yako ni 6D17 isiyo na tabo, sehemu ya intakula iruke.

Hewa inapita wapi

Inaingia juu, kwenye bomba lililosimama nyuma ya kabini. Inashuka, inapita kwenye mpira wa mkunjo unaokutanisha bomba la kabini na bomba la chasisi, inaingia kwenye kopo la filta. Humo inazungushwa ili vumbi zito lianguke, litemwe na kimpira cha chini chenye mdomo kama wa bata. Kisha inapenya karatasi ya filta kubwa, halafu filta ndogo ya ndani kwa magari yaliyo nayo, na kuelekea kwenye tabo. Tabo inaibana, na hewa ikibanwa inachemka. Intakula iliyo mbele ya rejeta inaipoza, ndipo inaingia manifoldi na kugawanywa kwenye silinda.

Sasa ikate njia hiyo vipande viwili: kabla ya tabo na baada ya tabo. Kabla ya tabo injini inanyonya. Tundu lolote upande huo linavuta hewa chafu ndani, na halina kelele, halina moshi, halipunguzi nguvu. Baada ya tabo hewa inasukumwa, hivyo tundu linatoa nje. Hapo utasikia mluzi, utaona moshi mweusi, gari litakuwa zito mlimani na litakula mafuta.

Madereva wote wanaleta gari kwa ajili ya tundu la pili. Sijawahi kuletewa gari na mtu anayelalamikia tundu la kwanza. Huyo huja baada ya miezi, gari linakula oili na kupumua moshi kwenye mdomo wa kujazia oili, na kilichobaki ni kufungua injini na kukuta ringi na laina zimesagwa.

Hesabu kidogo, uone ukubwa wa jambo. 6D16 ina ujazo wa lita 7.5. Ni ya mipigo minne, kwa hiyo kila mizunguko miwili inajaza silinda zake zote mara moja. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, hiyo ni karibu lita 7,500 za hewa kila dakika, na bado tabo haijaongeza yake. Ukiwa nyuma ya lori jingine kwenye barabara ya changarawe mwezi wa nane, hewa hiyo ni nusu udongo. Yote ipite kwenye karatasi. Isipate mlango mwingine.

Kwanza ujue ni upande upi unaumwa

Zima injini, toa ufunguo, acha ipoe. Inua kabini na uhakikishe kufuli lake la usalama limeshika kabla hujaingiza kichwa. Kabini ikishuka na mtu akiwa chini, hakuna hadithi nyingine ya kusimulia.

Fungua hozi inayoingia kwenye tabo. Funga kitambaa cheupe kwenye kidole, kipitishe ukutani mwa bomba, upande wa ndani, ule ambao hewa imekwisha kuchujwa. Kitambaa kitoke kama kilivyoingia. Kikitoka na unga wa rangi ya udongo wa barabara unazopita, kuna mlango umefunguka mahali, na hata ukinunua filta ya bei gani haitakusaidia mpaka uupate. Mara nyingine vumbi lenyewe linakuonyesha: linaacha mstari mwembamba kama njia ya siafu, ukiufuata kinyumenyume unafika kwenye tundu.

Hapohapo angalia mapanga ya tabo kwa tochi. Ncha zake ziwe kali na zenye pembe. Zikiwa zimelika na kuviringana, vumbi limekuwa likipita muda mrefu. Shika ekseli ya mapanga hayo uitikise. Kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida pakiwa hapana oili, lakini isiende mbele na nyuma ukaisikia mkononi, wala panga lisiguse ukuta.

Upande wa pili, wa kusukuma, tafuta unyevunyevu mweusi wa oili kwenye maungio. Hewa ya tabo hubeba ukungu kidogo wa oili, kwa hiyo panapovuja hewa hapo pananata vumbi na kuwa peusi. Papase kila hozi chini, usiishie juu. Lile Fuso la mbolea lilikuwa limeangaliwa na mafundi wawili njiani, wote walitazama kwa juu.

Na usije ukanyunyiza petroli au dawa ya kuwashia kwenye maungio injini ikiwa inaunguruma ili usikie itakapobadilika mlio. Nimeona watu wakifanya hivyo kwenye magari madogo ya petroli. Dizeli ya tabo ikinyonya hiyo inaweza kupanda mizunguko bila breki.

Kununua

Nenda dukani na ya zamani mkononi. Namba iliyoandikwa kwenye filta ndiyo ya kuanzia. Spea za Mitsubishi Fuso za miaka hiyo namba zake huanza na ME, na makampuni mengine ya filta yana vitabu vya kulinganisha namba hiyo na yao. Lakini namba inaandikwa na mashine ya kuchapisha boksi, kwa hiyo pima mwenyewe kwa rula: upana wa nje, upana wa tundu la ndani, kimo. Filta iliyopungua milimita chache kwa kimo itaingia kwenye kopo vizuri kabisa, utafunga mfuniko, utafurahi, na haitakuwa imekaza. Hewa itazunguka pembeni yake.

Kisha bonyeza mpira wa sili kwa ukucha. Uzame na urudi. Ukibaki na alama, au ukiwa mgumu kama soli ya kiatu, iache dukani. Angalia mikunjo ya karatasi: iwe imepangwa sawa, isiwe imelaliana upande mmoja na kuachana upande mwingine. Hesabu mikunjo kwenye nafasi ya vidole vinne, linganisha na ya zamani. Feki nyingi zinabana matumizi hapo, karatasi inakuwa chache, na filta inaziba nusu ya muda. Gundi ya juu na chini iwe imeshika mzunguko mzima. Ukimaliza, ingiza taa ya simu ndani ya filta, mwombe muuzaji azime taa ya duka. Nuru iwe hafifu na sawa kila mahali. Kidoa kimoja cha mwanga mkali ni tundu.

Hozi ndiyo inayochezewa zaidi. Hozi ya upande wa kunyonya iwe na waya au mbavu ndani, la sivyo filta ikianza kuziba itanyonywa na kubonyea kama kopo la soda. Hozi ya upande wa kusukuma lazima iwe ya silikoni yenye tabaka za kitambaa, hasa ile ya mdomo wa tabo kwenda intakula, kwa sababu hewa ikitoka hapo imepita kwa mbali joto la maji yanayochemka. Hozi ya maji ya rejeta inafanana nayo, ni nafuu, na ndiyo utakayouziwa kama hukusema unataka ya nini. Inavimba kama puto, siku ya mlima inapasuka.

Kama ya zamani ilikuwa na nundu katikati, nunua yenye nundu. Ile nundu haikuwekwa kwa urembo. Injini inatikisika juu ya raba zake huku intakula imefungwa kwenye chasisi, na nundu ndiyo inayomeza tofauti hiyo. Hozi iliyonyooka itachomoka au kuvunja masikio ya intakula.

Klipu ni za aina mbili. Ya bisibisi, yenye meno, inatosha upande wa kunyonya. Upande wa kusukuma weka klipu ya boliti, ile pana yenye nati ya kujifunga. Klipu ya meno juu ya silikoni laini inaingiza mpira kwenye matundu yake na kuukata taratibu. Ndiyo iliyokata ya Fuso la mbolea.

Za mtumba? Kopo la filta la mtumba kutoka Japani au Sharjah nalinunua bila wasiwasi, mradi mdomo wake haujapinda na kufuli zake zinabana. Bomba la chuma pia. Hozi ya mtumba, hapana. Filta ya mtumba nimewahi kuonyeshwa, imepulizwa na kurudishwa kwenye boksi. Nilicheka.

Kufungua

Puliza au osha nje ya kopo na maungio yote kabla hujagusa klipu. Vumbi la nje ndilo linaloanguka ndani ukifungua. Ukiosha kwa maji, funga bomba la juu kwanza.

Vuta filta polepole, kwa kuizungusha, siyo kwa kuigonga. Ndani ya kopo futa kwa kitambaa kibichi. Usipulize na upepo, kwani utarusha vumbi upande wa tabo. Ule mdomo wa ndani ambapo sili inakaa uufute mpaka uone rangi ya chuma au plastiki yake. Pitisha kidole kuuzunguka. Donge dogo la udongo mkavu hapo linaweza kuinua sili na kuacha mwanya.

Kila bomba unaloacha wazi lizibe kwa mfuko wa nailoni na mpira wa kufungia, siyo kwa tambara. Tambara linasahaulika. Nami nina desturi ya kuhesabu nati na vitambaa kabla ya kufunga, mbele ya dereva, kwa sauti. Wananicheka, lakini tabo inayonyonya washa ya nati haina cha kuchekesha.

Sasa vile vitu vidogo visivyoandikwa kwenye risiti. Kimpira cha mdomo wa bata: kibonyeze, midomo ifunguke na kujifunga yenyewe. Kikikosekana, kopo linanyonya hewa ya chini karibu na tairi, na vumbi ambalo lingetemwa linakwenda kuziba karatasi. Mpira wa mkunjo wa kabini: ukiwa umechanika au haukai sawa kabini ikishuka, lile bomba refu la juu halina kazi tena, gari linavuta vumbi na joto la nyuma ya injini. Halafu tafuta kibomba chembamba kinachotoka kwenye bomba la hewa safi kwenda kwenye kompresa ya upepo wa breki. Magari mengi yanacho. Kikichomoka, panabaki tundu la kidole gumba lililo wazi baada ya filta, na hakuna dalili yoyote kwa dereva. Nikikuta vumbi kwenye bomba safi, hapo ndipo ninapotazama kwanza.

Kufunga filta

Ingiza ya ndani kwanza, kama ipo, ikae mpaka mwisho. Hiyo haipulizwi wala haioshwi kamwe. Inabadilishwa, na kawaida ya watengenezaji wengi ni kila ya nje inapobadilishwa mara ya tatu. Kisha ya nje. Isukume kwa viganja kwenye ukingo mgumu, usisukume katikati ya karatasi. Utasikia upinzani laini wa mpira ukishika. Usiipake grisi, wala usiongeze gundi ya gasketi. Ikihitaji gundi ndipo ikaze, si filta ya gari hilo.

Mfuniko uingie bila kulazimishwa. Ukitumia nguvu ya kufuli kuisukuma filta ndani, utapinda filta au utavunja kufuli. Kwenye kopo lililolala, yule bata aangalie chini.

Kuhusu kupuliza filta ya zamani, najua tutabishana. Watengenezaji wengi wa filta hawataki, na sababu yao ni nzuri: upepo wa gereji unazidi psi 100, na karatasi ikipulizwa hivyo inafunguka matundu usiyoyaona. Ukikwama porini na huna nyingine, punguza upepo uwe chini ya psi 30, puliza kutoka ndani kwenda nje, mdomo wa bomba ukiwa mbali na karatasi, kisha ipime kwa taa. Kuigonga kwenye tairi ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inapinda kile kitako chenye sili. Na usibadilishe kwa hofu tu. Filta yenye vumbi kidogo inachuja vizuri kuliko mpya kabisa, maana vumbi lenyewe linaziba vitundu vikubwa vya karatasi. Ndiyo maana kuna geji ya filta kwenye bomba. Kwa dizeli nyingi kubwa za tabo inaingia kwenye nyekundu mvutano ukifika inchi 25 za maji, yaani kama kPa 6.2. Ikiwa nyekundu, badilisha. Ikiwa haipo au imekwama, inunue hiyo kabla ya kitu kingine.

Hozi na klipu

Safisha mdomo wa bomba kwa sabuni, ukauke. Oili ikibaki hapo hozi itateleza. Vaa klipu kwenye hozi kwanza, kisha ingiza hozi kwa maji ya sabuni kidogo, siyo grisi. Mabomba mengi yana ukingo uliovimba mdomoni: klipu ikae nyuma ya ukingo huo, hozi ikiwa imebaki kama milimita 5 nje ya klipu. Klipu juu ya ukingo inaonekana imekaza, na itaruka.

Usikaze moja mpaka mwisho ukaja kwenye nyingine. Zibane zote mpaka hozi isizunguke kwa mkono, tikisa bomba lijipange, hakikisha hakuna linalogusa feni, mkanda au chasisi, halafu kaza. Klipu ya boliti inakazwa kwa spana fupi na mkono mmoja. Mpira ukianza kufura pembeni ya klipu, umezidisha.

Manifoldi ukiifungua, weka gasketi mpya, kwangua ya zamani huku matundu umeyaziba, na kaza boliti kuanzia katikati kwenda pembeni.

Intakula

Iondoe hozi zote mbili. Utando mwembamba wa oili ndani ni kawaida. Ikimwagika kikombe kizima, oili sili ya tabo au bomba la kupumulia injini lina neno. Kama tabo ilivunjika, usifunge mpya kabla hujaosha intakula na kuikausha: vipande vya chuma vinabaki humo, na oili iliyotuama inaweza kuvutwa na injini ikawa mafuta yake, ikakimbia yenyewe hata ukizima.

Kuipima, ziba mdomo mmoja kwa kizibo, na wa pili kwa kizibo chenye vali ya tairi. Vifunge vizibo kwa mnyororo kwenye kitu kigumu, maana vikiruka vinavunja meno, na wewe usikae mbele yake. Jaza upepo mpaka psi 30, funga, hesabu sekunde 15. Kipimo kinachotumika sana ni isishuke zaidi ya psi 5. Ikishuka, pakaa povu la sabuni kwenye pembe na mishono, kwa kuwa huko ndiko zinakopasuka. Povu hilohilo kwenye gari linalounguruma sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, halitakuonyesha kitu; tabo haijaanza kusukuma.

Kuwasha na baada yake

Kama tabo ilitolewa, mimina oili safi kwenye tundu lake la juu, zungusha injini bila kuwaka mpaka oili ifike. Washa, iache sailensa dakika chache, sikiliza.

Kisha pakia. Gari tupu halisemi ukweli. Tafuta mlima, gia uliyoizoea, angalia moshi kwenye kioo. Ukirudi, au ukishafanya kama kilomita 100, gusa klipu zote za silikoni tena injini ikiwa imepoa. Hozi mpya hutulia na klipu hulegea, nusu mzunguko wa nati ndio huwa unahitajika.

Kwa upande wa kunyonya, ambao haulii, fanya hivi: pakaa utando mwembamba wa grisi ndani ya bomba safi kabla ya tabo, siku ya kwanza ya barabara ya vumbi. Jioni fungua, gusa kwa kidole. Ikiwa grisi ni safi, ifute na ufunge. Ikiwa inakwaruza, kesho gari lisiondoke.